Uliza Fundi: Ford, Chevrolet na Ram wanagombania nini hasa?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba Mmarekani anaweza kununiana na shemeji yake kisa pikapu, basi meseji zikamiminika kuanzia Kibirizi mpaka Urambo. Nimechagua hizi chache, nyingi zilizobaki zinauliza kitu hichohicho. Nimenyoosha tahajia kidogo na matusi nimeyatoa, hasa yale ya Mwanga, wenyewe mnajijua.

Shikamoo anko. Hapa kijiweni Ujiji tumegawanyika, mmoja anasema Ford ndo namba moja Marekani, mwingine anasema Chevrolet, na kuna mmoja ana ndugu yake kule anasema wote waongo, Ram ndo baba lao. Tunaona ni kama Simba na Yanga tu. Tumewekeana kreti la soda, nani anakunywa?
*Kijiwe cha Ujiji*

Marahaba wanangu. Soda anywe wa Ford, ila asiondoke na kreti lote.

Ukihesabu jina moja la gari, Ford hana wa kumsogelea. Pikapu zake zinazoitwa F-Series zilianza 1948, na tangu 1977 kila mwaka ndio pikapu inayouzwa kuliko zote Marekani, alafu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 ikazipita hata gari ndogo, yaani gari linalouzwa sana kwenye ile nchi sio saluni, ni pikapu! Mwaka 2018 peke yake waliuza zaidi ya 900,000 humohumo ndani. Kwa iyo akisema namba moja hadanganyi, na Ford wenyewe wanalirudia hilo kwenye kila tangazo mpaka linachosha.

Sasa huyo wa Chevrolet. Simba na Yanga mnakosea hesabu, maana hapa mwenzenu mmoja ana timu mbili uwanjani. General Motors, kwa kifupi GM, anauza Chevrolet Silverado na anauza GMC Sierra, na ukiingia chini ni gari ileile, chesisi ileile, injini zilezile, tofauti ni grili, taa, viti na bei. Mauzo yanahesabiwa kila jina peke yake ndo maana Ford anaongoza ligi, ila ukizijumlisha hizo mbili kuna miaka GM anampita, 2024 kwa mfano alimpita. Sikilizeni matangazo yao kwa makini, Ford anasema ana pikapu inayouzwa sana, GM anasema yeye ndo kampuni inayouza pikapu nyingi, na wote wawili wanasema kweli. Hayo maneno yamepita kwa wanasheria kwanza ndo yakaja kwenye tivii.

Wa Ram naye tusimdharau. Ile gari zamani ilikuwa Dodge, na kwa miaka mingi ilikuwa ya tatu tena ya tatu ya mbali kabisa, mpaka 1994 walipoibadilisha sura wakaipa pua kubwa iliyonyanyuka na mabega ya mbele yaliyoshuka, ukiiona kwa mbali unadhani ni kichwa cha lori. Waliojua biashara waliwaambia hiyo sura wengi wataichukia, wenyewe wakaona sawa, bora wachache waipende sana kuliko wote waione ya kawaida. Ikauzika kwa wingi ajabu. 2009 kuelekea 2010 Ram ikatolewa kwenye Dodge ikawa jina linalojitegemea, na 2019 ikafanya maajabu, ikauza zaidi ya 630,000 huku Silverado ikiwa kwenye 575,000 hivi, ikakaa nafasi ya pili. GM walichanganyikiwa mwaka ule.

Kuna kitu kingine mashabiki wa Ford hawakiachi mdomoni. 2009 Chrysler mwenye Ram alifilisika mwezi wa nne, GM akafuata mwezi wa sita, serikali ikaingiza hela kuwaokoa. Ford hakuchukua ule msaada. Sio kwamba alikuwa tajiri kuliko wenzake, ni kwamba 2006 alishawahi benki akakopa mabilioni, akaweka rehani karibu kila alichonacho mpaka ile nembo yake ya duara la bluu. Akaponea hapo. Mpaka leo kwenye kijiwe cha Marekani mtu wa Ford akizidiwa hoja analitoa hilo, "sisi hatukuomba hela ya walipa kodi", mjadala unafungwa.

Gaweni hivi basi, wa Ford nusu kreti, wa Chevrolet robo, wa Ram robo. Na mbaki na urafiki.

Fundi habari. Nimeona video wanamwaga matofali kwenye pikapu mbili, Chevrolet imebonyea tu ila Ford imetoboka kabisa. Mimi nabeba migebuka na madumu ya mawese, nikasema kumbe Ford karatasi. Ni kweli au wameedit?
*Mfanyabiashara, Kibirizi*

Nzuri kaka. Hawakuedit, ila jiulize video nani kaitoa.

Mambo yalianza hivi. Pikapu zote zilikuwa bodi ya chuma, Ford akaja na F-150, mojawapo ya zile F-Series, ya mwaka 2015 bodi nzima aluminiamu, chesisi ya chini tu ndo ikabaki chuma. Aliitaka serikali yao isimsumbue kwa ulaji wa mafuta, na kweli gari likapungua mpaka kilo 318 kwa baadhi ya aina, ambazo unaweza kuzirudisha kama mzigo. Lilikuwa bonge la kamari, maana hii ndo gari inayowalisha, ukiikosea umefunga kampuni. Ilibidi wasimamishe viwanda vyao vya Dearborn na Kansas City kwa zamu kubadilisha mitambo, aluminiamu haichomelewi kama bati, wanatumia gundi na ribiti kwa wingi.

GM akakaa kimya kidogo alafu 2016 akatoa hilo tangazo. Wakachukua mashine ya kupakilia, wakamwaga matofali ya zege kama kilo 370 kutoka juu, kwa mkupuo, kwenye bodi tupu isiyo na mkeka wowote. Silverado ikapata mikwaruzo na mabonde, F-150 ikatoboka. Alafu wakasukuma boksi la vifaa likaangukia kona, ikatoboka tena. Ford akasema hilo ni igizo, wateja wake hawamwagi matofali namna ile, na kwa kweli na sisi hatumwagi namna ile, pale Kibirizi nimewaona vijana wakipakia, wa chini anapokea dumu la mawese kwa mikono miwili analisimamisha, analizungusha mpaka kifuniko kiangalie kati, analisukuma kwa goti. Dumu likipasuka hasara ni yake. Hakuna bodi inayotobolewa kwa staili hiyo, labda na nanga.

Kinachonifurahisha ni kilichofuata. Silverado mpya ya 2019 ilipotoka, milango aluminiamu, boneti aluminiamu, na mlango wa nyuma pia aluminiamu! Ila sakafu ya bodi waliiacha chuma, wasijiumbue na tangazo lao wenyewe. Na GMC wakaleta bodi ya nyuzi za kaboni kwa bei ya juu.

Kwako wewe wa samaki nakwambia wazi, adui yako sio tofali, ni maji ya chumvi na ya samaki yanayochuruzika kwenye mishono ya bodi. Chuma kitaliwa, aluminiamu haipati kutu ile nyekundu. Ila siku ukigongwa ubavuni, nani hapa Kigoma atakunyooshea aluminiamu? Fundi wetu wa bodi ana nyundo, gesi na puti, hivyo vitatu kwa aluminiamu anaiharibu. Kaa na chuma chako, weka turubai zito au mkeka wa mpira chini, na kila jioni piga maji safi kwenye kona.

Mimi ni fundi wa milango na mageti, Isevya. Nimesikia hawa jamaa wanashindana mpaka mlango wa nyuma wa pikapu. Mlango una nini cha kushindania?
*Fundi kuchomelea, Tabora*

Una mengi fundi mwenzangu, na ukisikia utacheka. Pikapu zao zimekua juu mpaka mtu mfupi hafikii mzigo wake. Kwenye mwaka 2009 F-150 ikaja na ngazi ndogo inayochomoka ndani ya mlango wa nyuma pamoja na mhimili wa kushikia. Chevrolet wakamcheka kwenye tangazo kwamba huyu mwanaume gani anahitaji ngazi. Haikupita miaka mingi wao wenyewe wakakata tundu la kukanyagia kwenye kona za bampa, alafu GMC ikaja na mlango unaokunjuka namna sita, unakuwa ngazi, unakuwa meza, unakuwa kizuizi cha mbao ndefu. Aliyecheka ndo akajenga ngazi kubwa zaidi. Ram naye akaleta unaopasuka vipande viwili visivyo sawa ukafunguka pembeni kama kabati, na ukitaka unashuka chini kama kawaida. Ukipata mteja wa geti la namna hiyo usimtoze bei ya geti la kawaida.

Za kazi fundi. Natoa tumbaku vijijini naileta mjini na tela. Nikisoma hizi gari za Kimarekani kila moja inasema inavuta tani nyingi kuliko mwenzie, mwaka huu huyu, mwakani yule. Hizo namba za kweli au ni za kuuzia?
*Dereva wa Urambo*

Salama kabisa. Zilikuwa za kuuzia, siku hizi zimenyooka kiasi chake.

Zamani kila kampuni ilijipimia yenyewe. Huyu anapima na dereva mwembamba peke yake, yule anatoa bampa na tairi la spea ili gari liwe jepesi, wa tatu anapandisha kilima taratibu bila kujali injini inachemka. Alafu wote wanakutana kwenye bango na namba. Mwaka 2008 wahandisi wa magari wa kule, chama chao kinaitwa SAE, wakatoa utaratibu mmoja unaoitwa J2807, kwamba ukitaka kusema gari lako linavuta kiasi fulani basi lifanye hivi na hivi na hivi. Kipimo kikali kimechukuliwa kwenye mlima wa Davis Dam kule Arizona, kilomita kama 18 za kupanda jangwani, joto juu ya nyuzi 37, kiyoyozi umefungulia mwisho, na pikapu ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Hapo hakuna ujanja wa dereva mwembamba.

Unajua nani alikubali wa kwanza? Toyota, kwenye Tundra ya 2011, namba yake ikashuka na akaivumilia. Hao watatu wa Detroit, yaani Ford, GM na Ram, walivuta miguu mpaka kwenye 2015 hivi, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, maana ukianza peke yako namba yako inashuka na ya jirani inabaki juu na mteja haulizi imepimwaje. Hapa mimi Toyota nilimvulia kofia.

Kwenye dizeli kubwa ndo vita yenyewe. 1989 Dodge alikuwa hoi, akachukua injini ya Cummins lita 5.9, injini ya kazi kweli, akaipachika kwenye pikapu. Torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ilikuwa 542 kwa vipimo vyetu vya nyutoni mita, na kwa wakati ule watu walishangaa. Ford akaja na Power Stroke 1994, miaka ya mwanzo wakitengenezewa na Navistar. GM akaona anaachwa, akaenda kwa Isuzu, ndiyo Isuzu hiihii unayoijua wewe, wakafungua ubia Ohio wakatoa Duramax ya 2001. Basi kuanzia hapo ni kupandishiana, 2019 Ram anafika 1,356, mwaka uliofuata Ford anasema 1,424, na kwenye modeli ya 2023 Ford huyohuyo akatoa ya 1,627. Hilux mpya ya lita 2.8 ya gia otomatiki ina 500, na wewe unajua hiyo 500 inavyovuta.

Kwa iyo Urambo unaitaka 1,600 ya nini? Mlima uko wapi? Tela lako la tumbaku likishafungwa turubai linakuwa kubwa ila sio zito kihivyo, shida yako ni mchanga, breki za tela na ile ndoano unayochomelea kwa yule jamaa wa njia panda. Anza na breki. Tela lisilo na breki likikusukuma kwenye mteremko, torki haikusaidii hata kidogo, wala Cummins haijui kusimama kuliko kanyagio lako.

Nisisahau la mlio. Ram kwenye pikapu yake ya kawaida ya 2025 alitoa ile V8 inayoitwa Hemi, farasi 395, akaweka injini mpya ya silinda sita yenye tabo mbili, farasi 420, na ipo ya 540. Ndogo, ina nguvu zaidi. Wateja wakakasirika! Wakataka Hemi yao, dhaifu ileile, kisa inanguruma. Kwenye modeli ya 2026 ikarudishwa na wakaibandikia kinembo cha kondoo kwenye bawa la mbele kuonyesha kwamba wamepinga. Mtu anapinga injini kwa kununua injini.

Kaka fundi, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Kasulu, natumia Hilux miaka na miaka haijawahi kuniangusha. Mume wangu anasema Marekani hakuna Hilux. Nikasema haiwezekani, nchi tajiri vile wakose Hilux? Nani kati yetu mkweli?
*Mama mwenye duka, Kasulu*

Dada yangu mpe haki mumeo leo, kesho utamshinda kwenye kingine. Hilux haiuzwi Marekani tangu 1995. Na sababu ni kuku.

Sikutanii. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Wamarekani walikuwa wanafuga kuku kwa wingi kiwandani na kuwauza Ulaya kwa bei ya chini, wafugaji wa Ujerumani Magharibi na Ufaransa wakalia, Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku 1962. Marekani ikaomba, ikabembeleza, wapi. Mwisho wa 1963 Rais Lyndon Johnson akasaini kulipiza kisasi, ushuru wa asilimia 25 kwa vitu vinne, wanga wa viazi, dekistrini, brandi, na magari madogo ya mizigo. Hayo magari yalilengwa kwa ajili ya Volkswagen, maana kombi zake za mizigo zilikuwa zinauzwa sana kule. Ukaanza 1964. Vitu vingine vyote baadaye vikaondolewa kwenye kisasi, kuku wenyewe wakasahaulika, ushuru wa pikapu ukabaki mpaka leo. Gari la abiria kwa miaka mingi lilikuwa linalipa asilimia 2 na nusu tu.

Sasa weka akilini, asilimia 25. Mjapani anatengeneza pikapu ndogo nzuri, akiishusha bandarini robo ya bei imeliwa. Hiyo ndo ukuta waliojengewa Ford, GM na Chrysler bila kuuomba kwa ajili hiyo, na ndani ya ukuta huo wakawa wanapigana wao kwa wao kwa miaka sitini. Ndo maana naona hizi kelele zao zote za nani mkubwa nani ana nguvu zina kasoro moja, hakuna aliyelazimishwa kutengeneza kitu kidogo, rahisi, kigumu, cha kubeba saruji Kasulu. Walishindana kwa ukubwa na kwa ngozi ya viti kwa sababu faida iko huko, na anayeweza kuwafundisha adabu kwa pikapu ya bei rahisi amezuiwa getini.

Na vituko vyake ni vingi. Hao Detroit wenyewe walipotaka pikapu ndogo walienda kuzichukua Japani, Ford akauza Courier iliyotengenezwa na Mazda, Chevrolet akauza LUV iliyotengenezwa na Isuzu, kuanzia kama 1972. Ushuru wakaukwepa hivi: gari linashushwa bila bodi ya nyuma, kichwa na chesisi tu, hapo ushuru ni asilimia 4, likishapita forodha linafungwa bodi. Mwanya ukazibwa 1980. Subaru wao wakaweka viti viwili vya plastiki nyuma kwenye bodi, wazi kabisa, mvua yako jua lako, wakasema hili ni gari la abiria. Na Ford, huyuhuyu anayelindwa na ukuta, akawa analeta vani zake za Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma, zikivuka forodha viti vinang'olewa zinauzwa kama za mizigo. Kesi ikaenda miaka, 2024 akakubali kulipa dola milioni 365 yaishe.

Toyota alichofanya ni kuacha kugonga geti, akaingia ndani akajenga. Tacoma ikachukua nafasi ya Hilux, Tundra kubwa inatengenezwa San Antonio, Texas, tangu 2006, uani kabisa kwa wapenzi wa Ford. Hata hivyo kwenye zile kubwa hajawahi kuwatikisa watatu kwa mauzo. Nissan alijaribu na Titan kwa miaka ishirini, 2024 akafunga. Mteja wa pikapu kubwa kule anarithi jina, baba alikuwa na Chevrolet naye atanunua Chevrolet, na mwaka 2012 Chevrolet walitoa tangazo kwenye fainali ya mpira wao kwamba dunia imeisha, waliopona wote wana Silverado, wanamuulizia mwenzao mmoja, kumbe alikuwa na Ford. Ford akaandika barua tangazo liondolewe. GM akagoma.

Mwambie shemeji asante kwa swali, na Hilux yenu mbadilishe oili kwa wakati.

Fundi, Cybertruck inaweza kufika Kigoma?
*Kijana wa Mwanga*

Kufika itafika, treni ipo. Wa kuifungua ndo hajafika. Ile pikapu ya umeme ya Tesla ilionyeshwa Novemba 2019, wakarusha mpira wa chuma kuonyesha kioo hakivunjiki, kikapasuka mbele ya watu, cha pili nacho kikapasuka, na wateja wa kwanza wakaja kuipata mwishoni mwa 2023. Bodi ni chuma cha pua kisichopakwa rangi. Wakati huo kampuni nyingine, Rivian, alishaanza kuuza pikapu ya umeme tangu 2021 na Ford F-150 Lightning 2022, hivyo aliyepiga kelele nyingi alichelewa kuliko hao wawili. Wewe nunua bodaboda kwanza.

Habari za leo kijana wangu. Mwanangu anaishi Texas, anataka kunitumia F-150 iliyotumika, anasema kule kila nyumba ipo. Mimi niko Kigoma mjini, nina shamba la michikichi upande wa Simbo na mara mojamoja naenda Tabora kwa ndugu. Niipokee au nimwambie anitumie hela?
*Mzee mstaafu, Kigoma*

Shikamoo mzee wangu. Hongera kwa kuwa na mtoto anayekumbuka nyumbani. Mwambie atume hela, na nakueleza kwa nini ili asione umedharau.

La kwanza usukani. Gari itakuja usukani kushoto na sisi tunapita kushoto. Mjini utazoea, shida ni barabara ya Tabora, uko nyuma ya Fuso lililojaza, unataka kulipita, wewe umekaa upande wa majani huoni kinachokuja. Utahitaji mtu wa kukaa kulia akuchungulie, akisema piga unapiga. Siku akiwa amesinzia?

La pili mwili. F-150 ya milango minne ni urefu kama mita 5.9 na upana mita 2.03 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Hilux ni 5.3 kwa 1.86 hivi. Njia ya shambani unaijua wewe kuliko mimi, yale makorongo na michikichi imebana pande zote mbili, hiyo gari itabaki barabarani wewe utamalizia kwa miguu na mikungu ya mawese utaitoa kwa baiskeli kama zamani.

La tatu spea. Filta labda utabahatisha ya kufanana. Ila sensa ya tabo, pampu ya mafuta, taa ya mbele, hivyo vyote unaagiza, na ukiagiza unataja mwaka, injini na aina ya kebini, maana F-150 ya mwaka mmoja ina injini nne tano tofauti, ukikosea herufi moja inakuja isiyokaa. Gari inalala wiki nyingi na kuku wanatagia ndani.

Kama moyo wako ni Ford, kuna Ranger. Hiyo imeundwa Australia, na zinatengenezwa Thailand na pia Silverton, Pretoria, hapo Afrika Kusini, usukani kulia, dizeli, ukubwa wa barabara zetu. Hata Volkswagen Amarok mpya ni Ranger hiyohiyo imevaa sura nyingine, inatoka kiwanda hichohicho cha Silverton. Na Wamarekani nao wanayo Ranger kuanzia modeli ya 2019, ya kwao inatengenezwa Michigan, kwa hiyo mwanao hawezi kusema sio Ford ya kweli. Bei ya spea zake bado iko juu ya Toyota, hilo nisikufiche, ila mafundi wanaoijua wapo na spea zinapatikana Dar bila kusubiri meli.

Ukitaka tuiangalie kabla hujalipa, njoo nayo asubuhi injini ikiwa baridi, muuzaji asiwe ameshaiwasha. Nataka kusikia inavyoamka.